Bikari ya Dhahabu

Usiku mmoja wa mwaka 1555, mjalidi vitabu wa mji wa Antwerp alikuwa akipita mitaani na kisanduku cha ngozi alichokitengeneza kwa mikono yake. Kilikuwa kimeagizwa na Gabriel de Zayas, katibu wa Philip, ambaye muda si mrefu angekuwa mfalme wa Hispania. Njiani wakamtokea walevi waliokuwa wakimsaka mwanamuziki mmoja aliyewaudhi. Gizani wakadhani kisanduku ni ala ya nyuzi na aliyekibeba ni mtu wao. Wakamchoma upanga begani. Alipona, lakini kazi ya kuinama mezani kutwa nzima, kuvuta ngozi na kugonga majalada, hakuiweza tena. Akageukia uchapaji wa vitabu.

Ndivyo wajukuu wake walivyosimulia. Jina lake ni Christophe Plantin, Mfaransa aliyezaliwa karibu na mji wa Tours yapata mwaka 1520. Alijifunza ujalidi huko Caen, akamwoa Jeanne Rivière, na mwishoni mwa miaka ya 1540 wakahamia Antwerp, mji ambao leo uko Ubelgiji na siku hizo ulikuwa chini ya himaya ya Hispania. Nyumba aliyoiacha bado imesimama pale Vrijdagmarkt, Uwanja wa Soko la Ijumaa. Humo mna mashine za kuchapia, herufi, kalibu, daftari za mishahara na hata vinara vya mishumaa vya mafundi. Makumbusho ya uchapaji yako mengi duniani, na mengi yamekusanya vitu kutoka huku na huku. Hii ni karakana yenyewe, mahali pale pale, na vyombo vyake vile vile. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya namna ilivyosalimika, kwa sababu haikusalimika kwa bahati.

Kwa nini Antwerp? Plantin mwenyewe alilijibu swali hilo miaka mingi baadaye, katika barua aliyomwandikia Papa Gregory wa Kumi na Tatu: hakuona mji mwingine uliofaa zaidi kwa kazi aliyoikusudia. Watu wa mataifa yote walikuwa wakikutana sokoni pale, vifaa vilipatikana, na vijana wa kujifunza kazi hawakukosekana. Katika miaka ya 1560 mji ulikuwa na watu 100,000 hivi, na kwa miongo mingi bandari yake ilikuwa imepokea pilipili manga na viungo vya Wareno kutoka Bahari ya Hindi. Mwaka 1567 Plantin alichapa kwa Kilatini kitabu cha Garcia de Orta, tabibu Mreno wa Goa, kilichoeleza karafuu, mdalasini na dawa nyingine za Mashariki. Kisiwa cha Unguja kilikuwa bado hakijaota mkarafuu hata mmoja.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka ule ule wa 1555, kikihusu malezi ya binti wa nyumba ya kiungwana. Miaka saba baadaye nusura kila kitu kiishe. Wakati Plantin yuko Paris, wakuu wa serikali waligundua kwamba kijitabu cha wazushi wa dini kimechapwa katika karakana yake. Mwaka 1562 mali yake yote ikapigwa mnada. Alirudi mwaka 1563 akiwa na wabia wapya, akaanza upya. Nembo yake ilikuwa bikari ya dhahabu: mguu mmoja umekita katikati, mwingine unazunguka. Unaozunguka ni kazi, uliokita ni uthabiti, na maneno hayo mawili aliyaandika kwa Kilatini katika vitabu vilivyotoka nyumbani mwake. Duka lake nalo likaitwa Bikari ya Dhahabu.

Alihitaji uthabiti kweli, maana aliishi katika zama ambazo mtu aliweza kuchomwa moto kwa sababu ya kurasa chache. Yeye mwenyewe kwa siri alikuwa karibu na kikundi cha dini kilichoitwa Familia ya Upendo. Hata hivyo alichapa misale ya Kikatoliki kwa maelfu, na alichapa pia orodha rasmi ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Wapo wanaomwita kigeugeu. Mimi namwona mtu aliyekuwa na familia, mafundi na madeni, aliyejua kwamba karakana ikifungwa kwa mara ya pili haitafunguliwa tena.

Ili kujisafisha machoni pa mfalme, alibuni kazi ambayo hakuna mchapaji wa kaskazini ya Ulaya aliyekuwa ameithubutu: Biblia kwa lugha tano, yaani Kiebrania, Kiaramu, Kisiria, Kigiriki na Kilatini, zikipangwa bega kwa bega katika kurasa kubwa. Mfalme Philip alikubali kuidhamini, akamtuma mwanazuoni wake, Benito Arias Montano, aisimamie. Uchapaji ulianza mwaka 1568 na ukachukua miaka minne na zaidi. Yakatoka majuzuu manane, katika nakala 1,200 hivi za karatasi na chache za ngozi kwa ajili ya mfalme. Fedha alizoahidiwa zilichelewa, na deni lilimwandama Plantin hadi kaburini. Badala ya fedha, mfalme alimpa haki ya kuuza vitabu vya ibada katika Hispania na makoloni yake. Haki hiyo ndiyo iliyowalisha vizazi vyake kwa karibu miaka 200.

Katika kazi ya Biblia hiyo yumo mtu ambaye wageni wengi humpita bila kumjua. Mwaka 1570 Plantin alimwandikia Zayas barua akieleza habari za binti zake watano. Wote walifundishwa kusoma wakiwa wadogo, na kuanzia umri wa miaka minne au mitano walisaidia kusoma prufu, yaani karatasi za majaribio za kusahihishwa, mpaka walipofika 12. Wa nne, Magdalena, ndiye aliyebebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Alikuwa akizipeleka prufu za Biblia nyumbani kwa Montano na kumsomea maandiko ya asili ya Kiebrania, Kiaramu, Kisiria, Kigiriki na Kilatini, huku mwanazuoni yule akilinganisha na kusahihisha. Alikuwa na miaka 13. Jina lake halimo katika ukurasa wa mbele. Dada yake Martina aliendesha biashara ya lesi, na akaolewa na karani wa baba yake, Jan Moretus, ambaye jina lake ndilo lililokuja kuungana na la Plantin.

Mwaka 1576 karakana ilihamia Vrijdagmarkt. Wakati huo Plantin alikuwa na mashine 16 na wafanyakazi zaidi ya 50. Hakuna kiwanda kingine cha chapa Ulaya kilichofikia ukubwa huo. Mwezi Novemba mwaka huo huo, askari wa Hispania waliokuwa hawajalipwa mishahara waliuvamia mji. Waliua maelfu ya watu na kuchoma majumba. Plantin aliandika kwamba mara tisa ilimbidi atoe fidia ili mali yake isichomwe. Mashine zilipungua, mafundi wakatawanyika. Kati ya mwaka 1583 na 1585 alihamia Leiden, Uholanzi, akawa mchapaji wa chuo kikuu kipya cha huko. Karakana ya Leiden alimwachia mkwe wake mwingine, Frans Raphelengius, mjuzi wa Kiebrania na Kiarabu, ambaye kamusi yake ya Kiarabu kwa Kilatini ilichapwa na wanawe mwaka 1613. Plantin mwenyewe alirudi Antwerp, akafariki tarehe 1 Julai 1589, akazikwa katika kanisa kuu la mji.

Mgeni anayeingia leo hupita uani kwanza, penye mzabibu mkongwe uliotambaa ukutani na madirisha ya vioo vidogo vidogo pande zote. Vyumba vya mbele ni vya kitajiri: kuta zimefunikwa ngozi yenye nakshi za dhahabu, na picha zilizochorwa na Peter Paul Rubens zimetundikwa. Rubens alisoma pamoja na Balthasar Moretus, mjukuu wa Plantin, mtu aliyepooza upande wa kuume na aliyeiongoza nyumba hii kwa akili kali hadi mwaka 1641. Rubens alimchorea kurasa za mbele za vitabu. Balthasar alieleza katika barua kwamba humpa rafiki yake miezi sita ya kufikiri, ili azichore siku za sikukuu tu, maana angezichora siku za kazi angedai florini 100 kwa mchoro mmoja.

Lakini vyumba vya picha havinishiki. Shauku yangu huanzia kwenye chumba cha wasahihishaji, chenye meza kubwa ya mwaloni iliyosogezwa kwenye dirisha ili mwanga uangukie karatasi. Hapa alikaa Cornelis Kiliaan. Aliajiriwa mwaka 1558 akiwa mpanga herufi, akapanda hadi kuwa msahihishaji, na hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1607. Karibu miaka 50 katika nyumba moja! Mchana alisahihisha maandishi ya watu wengine. Kwa muda aliobakiza alikusanya maneno ya lugha yake mwenyewe, Kiholanzi, ambayo wasomi wa zama zile waliiona lugha ya sokoni isiyofaa kwa elimu. Kamusi yake ya mwaka 1599 inaeleza maneno hayo kwa Kilatini na kuyalinganisha na lugha jirani, na wanaisimu wa Kiholanzi wanaitegemea mpaka leo. Kila anayejishughulisha na Kiswahili angepaswa kusimama mbele ya meza hiyo kwa muda.

Ghorofani kuna chumba cha kusubia herufi, na hapo ndipo kazi yote inapoanzia. Mchongaji huchukua kipande cha feleji chenye urefu wa kidole, akachonga kwenye ncha yake herufi moja, imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Feleji hiyo hukazwa kwa moto, kisha hugongwa kwenye kipande cha shaba nyekundu na kuacha shimo lenye umbo la herufi. Kipande hicho cha shaba hutiwa ndani ya kalibu ya mkono, fundi akamimina risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni, akaitikisa kalibu kwa nguvu ili madini yafike kila pembe, akaifungua. Imetoka herufi moja. Ili kupata herufi za kupanga kitabu kizima, kitendo hicho hurudiwa maelfu kwa maelfu ya mara. Nyumba hii ina feleji zilizochongwa zaidi ya 4,000 na vipande hivyo vya shaba zaidi ya 15,000. Baadhi zilichongwa na Claude Garamond na Robert Granjon, mabingwa wa Ufaransa wa karne ya 16, na Plantin alizinunua kwa sababu alijua thamani yake kabla ya wengi.

Mkusanyiko huo si mali iliyokufa. Mwaka 1913 kampuni ya Monotype ya Uingereza ilitoa mwandiko uitwao Plantin, ulioigwa kutoka herufi za Granjon zilizohifadhiwa hapa. Mwandiko huo ukawa msingi wa Times New Roman, uliotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London mwaka 1932. Barua ya kuomba kazi inayochapwa leo kwenye steshenari ya Kariakoo, au tasnifu ya mwanafunzi wa Maseno, inabeba umbo la herufi ambalo chimbuko lake limo katika visanduku vya ghorofa hii.

Chini kuna ukumbi wa mashine, uliotumika tangu siku za Plantin hadi karne ya 19. Mashine za mbao zimepangwa mstari mmoja kando ya madirisha, na mbili za mwisho, za yapata mwaka 1600, ndizo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani. Mkabala nazo ni meza za wapanga herufi, zenye visanduku vya mteremko vilivyogawanywa vyumba vidogo: kikubwa cha herufi itumikayo sana, kidogo cha ile ya nadra. Kila mashine ilikuwa na watu wawili. Mmoja alishika tufe mbili za ngozi zilizojazwa sufu, akazipaka wino wa masizi na mafuta ya kitani, kisha akawa anazigongagonga juu ya herufi mpaka rangi ienee sawasawa. Mwenzake alilaza karatasi iliyokwisha loweshwa, akaikunja fremu, akaisukuma chini ya mgandamizo na kuvuta mwamba kwa nguvu za mwili mzima. Halafu karatasi iliondolewa, ikatundikwa kwenye kamba, na ikaletwa nyingine. Kiwango cha siku moja kwa watu hao wawili kilikuwa karatasi 1,250, kila moja pande mbili. Maana yake mvutaji aliuvuta ule mwamba mara 2,500 kwa siku, au zaidi.

Najua hesabu hiyo kwa sababu ya hazina kubwa kuliko zote za nyumba hii, ambayo haipendezi machoni hata kidogo: daftari. Plantin na warithi wake waliandika kila kitu. Karatasi ilinunuliwa wapi na kwa bei gani, mpanga herufi fulani alipata kiasi gani wiki hii, nani ametozwa faini kwa kuvunja kanuni za karakana, nakala ngapi zimepelekwa maonyesho ya Frankfurt. Mafundi walikuwa na sanduku lao la kusaidiana anapougua mmoja wao. Kuhusu mafundi wa karne ya 16 katika miji mingine mingi tumeachiwa kazi za mikono yao tu. Hapa tunao kwa majina, kwa mishahara na kwa ugomvi wao. Mwaka 2001 UNESCO iliziingiza nyaraka hizo katika rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia, na mwaka 2005 jengo lote na vilivyomo likawa Urithi wa Dunia.

Basi ilisalimikaje? Jan Moretus na Martina waliweka katika wasia kwamba karakana isigawanywe. Warithi wote wangepata haki yao, lakini mashine, herufi na jina vingekwenda kwa mmoja tu, yule anayeiweza kazi. Kizazi baada ya kizazi kilishika wasia huo. Mume alipofariki na watoto wakiwa wadogo, mjane alishika usukani: Anna Goos katika karne ya 17, Anna Maria de Neuf mwanzoni mwa ile ya 18, na Maria Theresia Borrekens kuanzia mwaka 1768. Wanawake hawa hawatajwi sana, lakini bila wao mlolongo ungekatika mara tatu.

Kwa upande wa vitabu, hadithi ya karne hizo ni fupi. Baada ya katikati ya karne ya 17 familia ilitajirika, ikapewa cheo cha ukabaila, na ikachapa misale na vitabu vya sala kwa soko la Hispania, basi. Hispania ilipoifuta ile haki ya kuuza vitabu vya ibada katika miaka ya 1760, mashine zikaanza kunyamaza moja moja. Kitabu cha mwisho kilichapwa mwaka 1866. Dunia nzima ya uchapaji ilikuwa imehamia mashine za chuma na mvuke, na karakana nyingine zilikuwa zimeyeyusha herufi zao za zamani ili kusubu mpya, na mashine za mbao zimekuwa kuni. Akina Moretus hawakuhitaji kufanya hivyo. Mwaka 1876 Edward Moretus aliuza nyumba pamoja na vyote vilivyomo kwa mji wa Antwerp kwa faranga 1,200,000, na tarehe 19 Agosti 1877 milango ikafunguliwa kwa umma. Hata bomu la Kijerumani lililoanguka uwanjani hapo Januari 1945 na kubomoa sehemu ya jengo halikuimaliza. Ilijengwa upya, ikafunguliwa tena mwaka 1951.

Katika maktaba ya nyumba hiyo mna atlasi ya Abraham Ortelius, ambayo Plantin aliichapa kuanzia mwaka 1579. Ramani yake ya Afrika inaonyesha pwani yetu, na juu yake yameandikwa Melinde, Mombaza na Quiloa. Malindi, Mombasa na Kilwa zilikuwamo ndani ya wino wa Antwerp karne tatu kabla pwani hiyo haijapata kiwanda chake cha chapa.

Nasi tulivipata viwanda hivyo. Sultani Barghash alikuwa na chapa yake Unguja, iliyotoa vitabu vya Kiarabu vya sheria ya Kiibadhi kuanzia yapata mwaka 1880. Kiungani, kisiwani humo humo, wanafunzi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA walianza kuchapa Msimulizi mwaka 1888. Tanga, shule ya serikali ya Wajerumani ilitoa gazeti la Kiongozi kuanzia mwaka 1904, na vijana wa Kiafrika ndio waliopanga herufi zake. Peramiho na Ndanda, watawa wa Benedikto walichapa vitabu vya shule na vya sala kwa miongo mingi. Baadhi ya magazeti na vitabu hivyo tunaviona katika maktaba. Je, mashine? Herufi? Daftari zenye majina ya waliozipanga?

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote anayesoma haya. Kama katika misheni, shule, ofisi ya gazeti au nyumba ya mzee aliyewahi kuwa mchapaji kuna mashine ya zamani iliyofunikwa turubai, visanduku vya herufi za risasi, vibao vya picha au vitabu vya hesabu vya karakana, usiviuze kwa kilo kwa mnunua vyuma chakavu. Piga picha, andika vilikotoka na nani alivitumia, kisha nenda Makumbusho ya Taifa au Nyaraka za Taifa zilizo karibu nawe, Dar es Salaam, Unguja au Nairobi, uwaambie vipo. Na kama mzee mwenyewe bado yu hai, mwambie akuonyeshe jinsi alivyokuwa akipanga mstari mmoja, na umrekodi.